Telekonvata, Lenzi Kuukuu na Chapa ya Hogol

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, niliitumbukiza telekonvata ya ofisi ndani ya kikombe cha chai cha Bwana Kirimi. Ilizama taratibu, kwa heshima zake zote, ikatoa mapovu mawili, ikatulia. Katika siku zote nilizofanya kazi nayo, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoiona imetulia.

“Madam!” akasema Bwana Kirimi. “Hiyo ni mali ya ofisi!”

“Na hiyo ni chai ya ofisi,” nikamwambia. “Acha zijuane.”

Binti yangu Sumaya, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minane na alikuwa mgongoni mwangu, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Eedo Nuria hakucheka. Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi, amejifunika shungi lake la kijani, akiitazama picha iliyobandikwa ukutani kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake mwenyewe uliofungwa kutoka ndani.

Picha hiyo niliipiga mimi.

Sasa, nyinyi wasichana wa Galbet, hapa Garissa, mnaonijia kila Jumamosi na simu zenu za kamera tatu, mkiniuliza, “Abaayo Fardosa, dada yetu, tufundishe kazi,” naomba mkae chini. Mimi nimestaafu. Nina miaka ishirini na minane, na nimestaafu. Hakuna aliyeniandalia karamu wala kunipa saa ya ukutani. Pensheni yangu ni bega la kushoto lililolegea kwa mkanda wa begi, na jicho moja linalojifunga lenyewe kila ninapomtazama mtu kwa makini, hata mama mkwe. Lakini miaka tisa ni miaka tisa, na kuna jambo moja ninalolijua kuliko wauzaji wote wa vifaa vya kamera: ninajua jinsi kitu cha mbali kinavyoweza kukudanganya baada ya kukuzwa.

Telekonvata, kwa wale ambao hawajabahatika kulaghaiwa nayo, ni kipande kifupi chenye vioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi. Kazi yake ni kukuza kile lenzi inachokiona. Ikiwa lenzi yako inafika milimita mia tatu, ukiifunga telekonvata ya mara mbili, sasa inafika mia sita. Hivyo ndivyo boksi linavyosema. Boksi lina picha ya simba, kila unywele wa sharafa lake unahesabika. Boksi halisemi kwamba aliyempiga picha simba huyo alikuwa na lenzi ya bei ya nyumba, na kwamba huenda simba mwenyewe alikuwa amelala.

Eedo Nuria ndiye aliyenifundisha. Eedo ni shangazi; hatukuwa na damu moja, lakini alinitukana kama shangazi wa damu, kwa hiyo jina lilimfaa. Alikuwa na studio nyuma ya maduka ya nguo, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti ambacho nusu ya mji huu imekikalia kupigiwa picha ya kitambulisho. Nilikwenda kwake nilipomaliza kidato cha nne. Akanitazama juu hadi chini.

“Unajua nini?”

“Najua kupiga picha, Eedo.”

“Haya. Na kufagia je?”

Nilifagia miezi mitatu. Baadaye akaniwekea kamera mkononi pamoja na lenzi ya kuvuta iliyokuwa kuukuu kuliko mimi, lenzi ya enzi za filamu, nzito kama jiwe la jiko. Siku moja, yeye akiwa ameenda kuswali, nikapata telekonvata aliyoiacha mteja. Nikaona, lo, leo ndiyo leo. Nikaisukuma. Haikuingia kwenye lenzi. Nikaisukuma tena, kwa nguvu za kidato cha nne. Ikasema *kri*.

Hilo ndilo somo la kwanza, na mimi nimelilipia ili nyinyi mlipate bure: si kila telekonvata inaingia kwenye kila lenzi. Nyingine zina kioo kinachochomoza mbele, na lenzi nyingi kuukuu za kuvuta zina kioo kilichokaa nyuma kabisa. Vikikutana vinapigana vichwa kama mbuzi. Kabla ya kufunga, geuza lenzi, tazama kitako chake. Zungusha mkono wa kuvutia mwanzo hadi mwisho uone kama kioo cha nyuma kinasogea. Kama kinasogea kuja kwako, asante, rudisha kwenye boksi.

Eedo alirudi, akalitazama lile jeraha kwenye kioo, akavuta pumzi.

“Nani amekuambia usukume?”

“Sikuambiwa, Eedo.”

“Basi siku ukiambiwa utafanya nini? Utachukua nyundo?”

Jioni ile alinieleza telekonvata kwa lugha ambayo boksi haliwezi. Alimimina maziwa ya ngamia kwenye kikombe, akaongeza maji mpaka kikombe kikajaa. “Unaona? Kikombe imejaa. Ngamia ni ile ile.” Akaninywesha. Yalikuwa maji yenye kumbukumbu ya maziwa.

Ndivyo ilivyo. Telekonvata ya mara mbili inakula mwanga, inakuachia robo tu. Lenzi kuukuu ya kuvuta, ikiwa imevutwa mpaka mwisho, tayari ina tundu dogo, ni maskini wa mwanga. Sasa unamnyang'anya robo tatu ya alichonacho. Ukichungulia kwenye kamera unakuta magharibi imeingia saa nne asubuhi. Kamera inatafuta fokasi yenyewe, inakwenda mbele, inarudi nyuma, mbele, nyuma, kama mtu aliyepoteza kiatu msikitini, mwisho inakata tamaa. Itabidi ufokasi kwa mkono, gizani. Halafu kila tetemeko la mkono wako nalo limekuzwa mara mbili. Na kila kasoro ya kioo cha zamani, zile kingo za zambarau kwenye kitu cheupe kilicho mbele ya anga, nazo zimekuzwa. Filamu ilikuwa na huruma, ilisamehe mengi. Kamera ya dijitali ni kama shemeji; inaona kila kitu na inakumbuka.

“Hii kitu haikupeleki karibu,” Eedo aliniambia. “Inakuza ile umbali.”

Yeye alikuwa na kipimo chake, nami nawapa nyinyi kama alivyonipa. Ng'ambo ya barabara, mkabala na studio, kulikuwa na duka lenye magunia ya mchele nje. Chini ya gunia kuna maandishi madogo, yale ambayo mnunuzi hayasomi na muuzaji anaomba yasisomwe. Unaweka kamera juu ya mfuko wa mchanga, unayapiga maandishi hayo ukiwa na telekonvata. Unaitoa, unapiga tena kwa lenzi tupu. Kwenye kompyuta unaikuza ile ya lenzi tupu mpaka herufi zilingane na zile za telekonvata. Halafu unasoma zote mbili. Kwa lenzi zetu kuukuu, mara nyingi ile tupu ndiyo iliyosomeka vizuri zaidi. Ile nyingine ilikuwa na herufi kubwa, za kupendeza, zisizosema chochote. Kama hotuba.

Kama ni lazima, tumia ile ndogo, ya moja nukta nne, ambayo angalau inakuachia nusu ya mwanga. Usivute lenzi mpaka mwisho kabisa. Tumia stendi, na ning'iniza begi lako chini yake ili iwe nzito. Weka shata ifunguke na kujifunga kwa kasi, usiogope ISO ya juu, yaani kamera iwe nyepesi kuhisi mwanga. Picha yenye chembechembe inasomeka, picha iliyotikisika haisomeki. Na usipige saa sita mchana, nawasihi. Niliwahi kupiga ngamia kwenye njia ya Liboi jua likiwa utosini, nikarudi na picha za ngamia waliotengenezwa kwa supu. Hewa ya juu ya mchanga inachemka, na hakuna kioo duniani kinachoizuia hewa kuchemka. Nenda alfajiri, wakati mchanga bado umelala.

Hayo yote niliyajua. Kumbukeni hilo, kwa sababu sasa nakuja kwenye picha namba kumi na saba.

Baada ya kiangazi kile kirefu, mvua ilipokuja, mifugo ilitawanyika. Ngamia wa Liboi wakaonekana karibu na mji, wa Ijara wakaonekana mahali ambapo hawana hata mjomba. Ofisi ya mifugo ikawakusanya waliopotea, ikawaweka bomani nje ya mji. Kwa kuwa wawili walikuwa wanakohoa, daktari wa mifugo akasema karantini: haingii mtu ila yeye na walishaji wake. Wazo la Bwana Kirimi, na nakubali lilikuwa zuri, ni kwamba kila ngamia apigwe picha kwenye shingo, pale penye chapa ya moto ya mwenyewe, picha zisambazwe kwenye simu na kubandikwa ofisini. Mwenye mali aitambue chapa yake, aandikwe kwenye rejista.

Bwana Kirimi ni mtu wa bara, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na imani kubwa katika karatasi. Akaniajiri mimi. Akanikabidhi lenzi ya ofisi, ile ya sabini hadi mia tatu, iliyokuwa kabatini tangu zama za filamu, na kiboksi chenye simba.

“Fardosa, nimekuletea mita mia sita!”

“Milimita, Bwana Kirimi.”

“Hata hizo.”

“Hii haitafanya kazi vizuri. Nipe ruhusa nisogee karibu, hata hatua ishirini.”

“Kamba ya karantini iko pale ilipo, Madam. Ndiyo maana ofisi imenunua kifaa.”

Nikafika saa tano, kwa sababu gari la ofisi lilichelewa. Sumaya alikuwa na homa, nimemfunga mgongoni. Mlinzi wa boma, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, akanipa sharti la pili: jicho la kioo ni jicho kama jingine, kwa hiyo kila nikibonyeza niseme mashallah, nisije nikawadhuru wanyama wa watu. Na nisiwahesabu kwa sauti. Sawa. Bonyeza, mashallah. Bonyeza, mashallah. Mtoto analia, bonyeza, mashallah. Ile stendi ilikuwa na mguu mmoja uliokataa kufunga. Sikufanya kipimo cha gunia. Nilizikuza picha chache kwenye kioo kidogo cha kamera, nikaona shingo, nikaona chapa, nikasema zinatosha. Nilitaka kurudi nyumbani.

Kosa langu ndilo hilo, na halina simulizi tamu. Nilijua, nikaacha.

Wiki iliyofuata Eedo Nuria alifika ofisini. Alikuwa na ngamia mmoja tu duniani, jike, aliyemweka kwenye kundi la kaka yake kule Liboi. Jina lake Hogol, yaani wingu la mvua. Chapa ya kwao ni mstari mmoja, umesimama wima chini ya sikio. Alimwona kwenye picha namba kumi na saba, akamjua kwa pua, kwa nundu, kwa namna anavyosimama kama mtu aliyeudhiwa. Lakini kwenye picha, mistari ilikuwa miwili.

Sikilizeni, maana hili ndilo linaloweza kuwapata. Kitu chembamba kilichokosa fokasi kidogo, kwa lenzi kuukuu yenye telekonvata, si lazima kififie. Wakati mwingine kinagawanyika. Ukingo huu unakwenda huku, ule kule, katikati panabaki peupe. Ongeza mtikisiko wa stendi kilema, na mstari mmoja unakuzalia pacha. Pacha wazuri, wanaofanana, wamesimama sambamba. Mtu asiyejua ataapa kwamba wameunguzwa kwa moto.

Na kuna familia kule Ijara ambayo chapa yao ni mistari miwili. Mzee wao, Gedi, si mwizi. Naye alipoteza jike la rangi ile ile, akaona picha kwenye simu, akashukuru Mungu. Akaandikwa kwenye rejista. Kwa kuwa yuko mbali, akamuuza kwa mfanyabiashara kwa simu bila kumwona. Siku karantini inafunguliwa, Alhamisi, lori lingempakia Hogol moja kwa moja kutoka bomani kwenda Nairobi, kwenye machinjio.

Eedo alikwenda mara ya kwanza, akaambiwa arudi. Mara ya pili nikaenda naye, nikamweleza Bwana Kirimi habari za mwanga na fokasi na pacha. Akaandika kila neno kwa kalamu ya kwanza, akalipigia mstari kwa kalamu ya pili, akasema rejista imefungwa. Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, nami nilikuja na telekonvata ili niirudishe.

“Hii ngamia ni yangu,” Eedo akamwambia. “Iko na mstari moja. Mimi nilishika shingo yake wakati moto inawekwa. Wallahi alinitemea mate hapa.” Akaonyesha shavu.

“Mama, naelewa. Lakini tazama mwenyewe. Moja, mbili. Bicha, samahani, picha haidanganyi.”

Alikuwa amekaa Garissa muda mrefu kiasi cha kuanza kusema kama sisi, lakini si kiasi cha kuanza kutusikiliza.

Eedo akanigeukia, polepole. Mwanamke aliyepiga picha miaka thelathini, aliyeziba makovu ya maharusi, aliyenyoosha mashingo ya machifu, aliyewapunguzia wazee miaka kumi kwa taa moja tu. “Fardosa,” akasema kwa Kisomali, “anasema picha haidanganyi.”

“Nimesikia, Eedo.”

“Mwambie mimi nimekula kwa uongo wake maisha yangu yote.”

Nikamwambia. Bwana Kirimi akatabasamu, akavuta kikombe chake, akasema, “Na hii, Madam, ni mia sita. Siyo ile ya simu.”

Ndipo telekonvata ikaenda kuoga.

Baada ya kuitoa kwa kijiko, Bwana Kirimi akasema neno moja la maana tangu tulipofahamiana: rejista iliyofungwa haiwezi kufunguliwa na yeye, wala na mimi, ila kwa malalamiko rasmi ya maandishi. Nikaomba fomu. Fomu zimekwisha. Nikaomba karatasi. Nikapewa moja, kwa moyo mzito. Sumaya alikuwa amekwisha kuibandua picha namba kumi na saba ukutani na kuanza kuitafuna kona. Nikakaa kwenye benchi kando ya Eedo, karatasi juu ya goti, mtoto juu ya goti la pili, nikaandika.

Msiniulize ilikuwaje Alhamisi. Kikombe kilicho kando yangu ninapowaandikia kina maziwa ya Hogol, na safari hii hayana maji. Mzee Gedi alipiga simu mwenyewe kuomba radhi, ingawa hakuwa na kosa, na jike lake alipatikana baadaye kwa majirani. Kamera nimempa Eedo. Lakini barua ile nawaandikia hapa neno kwa neno, kwa sababu katika miaka tisa ndicho kitu pekee nilichokitoa kwenye kazi hii ambacho hakikutikisika.

Kwa Afisa Anayepokea Malalamiko,
Ofisi ya Mifugo,
Garissa.

MINTARAFU: KUILALAMIKIA PICHA NAMBA KUMI NA SABA, NILIYOIPIGA MWENYEWE

Mimi ni Fardosa, mkaaji wa Galbet, mpiga picha aliyeajiriwa na ofisi hii kupiga picha za ngamia waliopotea. Nalalamika kwamba picha namba kumi na saba ni ya uongo. Inaonyesha chapa ya mistari miwili. Ngamia mwenyewe ana mmoja.

Uongo huo umetokana na lenzi kuukuu, telekonvata ya mara mbili, stendi mbovu, jua la saa tano, na mimi. Niliwaambia kifaa hakifai, nanyi mkasema kimekwisha kununuliwa. Kisha mimi nikakubali kukitumia, na sikukijaribu. Sehemu yangu naibeba. Naomba ofisi nayo ibebe yake, badala ya kumbebesha Bi. Nuria, ambaye katika jambo hili lote ndiye mtu pekee aliyesema kweli, na ndiye pekee aliyeambiwa arudi kesho.

Afisa wa rejista anasema picha haidanganyi. Nimeambatanisha picha mbili za gunia la mchele lililoko mbele ya duka linalotazamana na studio ya Bi. Nuria, ambazo ningepaswa kuzipiga kabla ya kazi na nimezipiga jana. Moja ina telekonvata, nyingine haina. Tafadhali someni maandishi ya chini. Mkiweza kuyasoma kwenye ile ya telekonvata, nafuta malalamiko yangu.

Sidai fidia. Siombi kamati. Naomba kabla ya lori la Alhamisi mtu mmoja aweke kidole chini ya sikio la ngamia huyo na ahesabu. Daktari wa mifugo huingia bomani kila asubuhi kuwapima joto, kwa hiyo kidole kipo tayari na kimeruhusiwa.

Akihesabu miwili, nitamwomba radhi Bwana Kirimi mbele ya ofisi nzima na nitamnunulia chai. Akihesabu mmoja, rejista ifunguliwe, liandikwe jina la Nuria, na picha yangu isirudishwe ukutani.

Viambatanisho: picha mbili za gunia, picha namba kumi na saba, imepungua kona moja, imeliwa na mtoto, telekonvata moja, ina majani ya chai.

Fardosa,
mlalamikaji, na vilevile mlalamikiwa.